Mume Wangu Hajui Kuwa Ninaanika Dagaa, na Sasa Wifi Anataka Tununue Mtumbwi

BARUA

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika Wilaya ya Ilemela hapa Mwanza. Nina umri wa miaka 37, nimeolewa, na tuna watoto watatu, mkubwa akiwa kidato cha pili. Mume wangu ni fundi ujenzi, na kwa miaka hii ya karibuni kazi zake nyingi zimekuwa upande wa Geita. Ninakuandikia kwa sababu nina jambo lililonikaa moyoni na sina mtu wa kumweleza ambaye hatalipeleka kwingine.

Mwaka 2021 nilichukua mkopo wa mtumishi wa shilingi milioni nne, nikamkabidhi mume wangu zote ili aanzishe ufyatuaji wa matofali ya saruji pamoja na mwenzake waliyeaminiana tangu ujana. Kazi ilianza vizuri, kisha mashine ikaharibika, mwenzake akaondoka na fedha za wateja, na baada ya miezi minane hapakuwa na kilichobaki isipokuwa rundo la mchanga mbele ya nyumba. Mimi niliendelea kukatwa mshahara kwa miaka mitatu. Hatukugombana sana, lakini pia hatukulizungumza. Mchanga ule watoto waliuchezea mpaka ukaisha.

Mei 2024, nikiwa bado nakatwa, wifi yangu, ambaye ni dada wa mume wangu na ameanika dagaa Igombe tangu akiwa msichana, aliniambia kuwa nikipata mtaji mdogo ataniingiza kwenye kazi. Nilitumia mgawo wa kikoba chetu cha walimu. Tangu hapo, kila Jumamosi ya giza, yaani isiyo na mbalamwezi, ninaamka saa tisa usiku na kuwa mwaloni kabla mitumbwi haijaingia. Tunanunua dagaa wabichi kwa ndoo, tunawasambaza juu ya mchanga na wachache juu ya chanja la wifi, tunawageuza jua likipanda, na kama siku ni nzuri jioni wanakuwa wamekauka. Wifi alinifundisha kumjaribu kwa kidole: dagaa aliyekauka ukimkunja anavunjika, na anayekunjika bila kuvunjika bado ana maji. Jumatatu, mimi nikiwa darasani, yeye hupeleka magunia soko la Mwaloni Kirumba na kuuza, kisha hunitumia fedha kwa simu.

Nieleze hesabu zangu. Kwa raundi moja nanunua ndoo kumi, kila ndoo kwa wastani wa shilingi 18,000, jumla 180,000. Ndoo moja ikikauka vizuri inanipa kilo tano, na wifi huniuzia kila mara kwa shilingi 5,500 kwa kilo, hivyo napata 275,000. Faida ni 95,000 kwa raundi, na kwa raundi nne za mwezi ni 380,000. Wapo waanikaji wawili ninaowalipa 10,000 kila mmoja, pikipiki ya matairi matatu ya kubeba mzigo 12,000, na ushuru, magunia na mlinzi ambavyo havizidi 8,000, lakini hizo huwa nazitoa mfukoni siku hiyohiyo. Wifi hajawahi kuniomba malipo. Kwa fedha hizi nimelipia bweni la mtoto, na nimenunua mabati 40 ambayo nimeyahifadhi kwa mama yangu Magu.

Mume wangu hajui. Anajua kwamba namsaidia dada yake mara mojamoja, basi. Naogopa kwamba akijua kuna fedha, zitakwenda njia ya matofali. Zamani haikuwa vigumu, kwa sababu kutoka Geita ilimbidi asubiri kivuko na alikuja nyumbani mara moja kwa mwezi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, anarudi karibu kila wiki, wakati mwingine bila kupiga simu, na mimi nimekuwa mtu wa kutunga visingizio.

Mambo matatu yamenifanya niandike. Kwanza, Novemba iliyopita mvua ilitukuta na ndoo zote kumi zikiwa chini. Dagaa walibadilika rangi na kuanza kutoa harufu, tukawauza kwa shilingi 60,000 kwa watu wa chakula cha kuku. Pili, ili kufidia, nilianza kwenda mwaloni na siku za Jumatano alfajiri, kisha nikakimbilia shule. Nafundisha Darasa la Nne, ambao wana upimaji wa kitaifa, na mara mbili nimesinzia nikisahihisha madaftari mbele yao. Siku moja mtoto wa kike aliyeleta daftari mezani aliniambia kwa sauti, "Mwalimu, unanukia kama mama." Darasa lilicheka. Nilitoka nje nikanawa mikono mara tatu, na mpaka leo neno lile linanichoma.

Tatu, wifi amepata habari ya mtumbwi unaouzwa pamoja na mashine, nyavu na taa zake za sola kwa shilingi milioni tisa. Anasema sasa tutakuwa matajiri wenyewe, yaani wenye chombo, badala ya kuwasubiri matajiri ufukweni. Benki wameniambia kuwa kwa mshahara wangu inawezekana, nitakatwa karibu 220,000 kila mwezi kwa miezi 60. Muuzaji anataka jibu kabla ya giza lijalo. Walimu wenzangu wananiambia niachane na maji nifundishe tuisheni jioni, lakini sitaki kuwatoza fedha wanafunzi wangu mwenyewe kwa kile ninacholipwa kuwafundisha.

Je, nichukue mkopo huu? Je, niache kabisa biashara ya dagaa nirudi kwenye mshahara wangu? Na mume wangu nimwambie nini, kama kuna la kumwambia?

Mwalimu, Ilemela

JIBU

Marahaba, mwanangu Mwalimu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama kwenye lile rundo la mchanga ambalo watoto walilichezea mpaka likaisha. Nimeona pia mwanamke anayeamka saa tisa usiku, anayejua ada ya bweni itatoka wapi, na anayekataa kuwatoza wanafunzi wake tuisheni wakati wenzake wanamwonyesha njia hiyo. Hilo la tuisheni umeliamua vizuri na sitaliongezea neno. Mengine tuyatazame pamoja, taratibu.

Kama nimekuelewa, una biashara ndogo inayokupa fedha, lakini inakula usingizi wako na imejengwa juu ya siri. Sasa unaalikwa kuifanya kubwa kwa mkopo utakaobebwa na mshahara wako peke yako, kabla ya giza lijalo. Umeniuliza kuhusu mtumbwi kwanza, kisha kuacha, kisha mume. Niruhusu nianze na hesabu, kwa kuwa nimeona kwamba maamuzi yote matatu umeyasimamisha juu ya ile 380,000, nami sina hakika kwamba fedha hiyo umewahi kuishika mkononi.

Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba unakwenda Jumamosi ya giza. Anayeishi kando ya ziwa hili anajua kwamba dagaa huvuliwa kwa taa, na mbalamwezi inapokuwa kali taa hazina nguvu ya kuwakusanya, hivyo wavuvi hupumzika wiki nzima au zaidi kila mwezi. Katika Jumamosi nne, moja angalau huliwa na mbalamwezi. Zinabaki tatu. Kisha zile fedha unazosema unazitoa mfukoni siku hiyohiyo, waanikaji 20,000, pikipiki 12,000 na vitu vidogovidogo 8,000, jumla yake ni 40,000 kwa kila raundi, na mfuko zinamotoka ni mfuko uleule wa mshahara. Ukiziondoa kwenye 95,000 unabaki na 55,000. Mara tatu, ni 165,000 kwa mwezi mzuri, usiokuwa na mvua. Na ile raundi moja ya Novemba, ulipouza kwa 60,000 mzigo ulioununua kwa 180,000, ilikupotezea 120,000 kabla hata ya kuwalipa waanikaji. Ukiwahesabu na wao pamoja na gharama nyingine, raundi moja iliyonyeshewa inameza karibu faida ya mwezi mzima.

Sikuandikii haya ili kukuvunja moyo. Shilingi 165,000 za halali juu ya mshahara si fedha ya kudharauliwa, na mabati 40 yaliyoko Magu yanathibitisha kwamba kazi yako ina matunda. Lakini Jumatano ulizoziongeza, zile zilizokufanya usinzie mbele ya Darasa la Nne, ulizifuata ili kufikia lengo lililowekwa na hesabu isiyokuwa sahihi. Inawezekana kwamba hujawahi kuwa nyuma kama ulivyojiona.

Lipo jambo la pili ndani ya namba zako ambalo nimelifikiria sana kabla ya kuliandika, kwa kuwa linamhusu mtu unayempenda. Umesema wifi anakuuzia kila mara kwa shilingi 5,500. Mwanangu, bei ya dagaa haikai mahali pamoja. Giza likiwa na samaki wengi inashuka, mbalamwezi ikiingia na mzigo ukiadimika inapanda, na siku wanunuzi wa kutoka nje ya nchi wanapokuwa wengi pale Kirumba inapanda zaidi. Bei isiyobadilika kwa muda wote huo ina maana kwamba kuna mtu katikati anayeisawazisha. Sisemi kwamba wifi anakuibia. Huenda bei ikiwa chini anajazia kutoka kwake ili usikate tamaa, na ikiwa juu anabaki na kilichozidi, na kwa njia hiyo anajilipa ujira ambao hakuwahi kukuomba na ambao wewe hukuwahi kumtajia. Mwanamke aliyekufundisha kazi, anayelala mwaloni, anayekuuzia mzigo na anayemficha kaka yake siri yako, anastahili malipo yanayojulikana. Mkiwa na ndoo kumi, mapatano yasiyosemwa yanaweza kwenda bila kuumiza mtu. Mkiwa na mtumbwi wa milioni tisa, hayo hayohayo yanaweza kuwatenganisha ninyi wawili na kuutia undugu wote doa. Je, unaweza kuomba ruhusa ya siku moja, au kusubiri siku ya mapumziko, uende naye Kirumba, usimame karibu na mizani, uone mzigo wako ukipimwa na bei ikitajwa? Nenda kama mwanafunzi wake, jinsi ulivyokwenda Igombe siku ya kwanza. Mengi utayaelewa bila kumuuliza swali lolote la kumtuhumu.

Sasa mtumbwi. Ninaelewa mvuto wake. Muanikaji husimama ufukweni akisubiri, na mwenye chombo, yule anayeitwa tajiri, ndiye anayetaja bei. Nani asingependa kuhamia upande ule? Lakini kuanika ni kazi unayoiona kwa macho yako tangu dagaa akiwa mbichi mpaka anapovunjika kwenye kidole chako. Mtumbwi unafanya kazi usiku, maili nyingi kutoka ufukweni, na wewe hutakuwemo. Wavuvi wanaweza kuuza sehemu ya mzigo majini kabla ya kufika mwaloni. Mashine inaweza kuibwa au kufa, nyavu zinaweza kuchanika, na mgawo kati ya mwenye chombo na wavuvi hufanyika baada ya kutoa mafuta na chakula, kwa hiyo usiku usiokuwa na samaki gharama hubaki kwako. Chombo chenyewe kinahitaji usajili na leseni, na nyavu zinatakiwa ziwe za matundu yanayoruhusiwa, la sivyo hukamatwa na kuteketezwa. Je, umeziona karatasi za mtumbwi huo? Je, umewauliza viongozi wa BMU, kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi, wa mwalo wake chombo hicho kina historia gani, na kwa nini mwenyewe anakiuza wakati kinafanya kazi? Haraka ya muuzaji ni yake, na giza litarudi mwezi unaofuata kama lilivyorudi miezi yote.

Halafu tazama mkopo wenyewe. Shilingi 220,000 kwa miezi 60 ni 13,200,000, kwa chombo cha milioni tisa. Makato hayo yataondoka kila mwezi, wa mbalamwezi na wa giza, wa mvua na wa jua, ziwa likitoa au lisipotoa. Taratibu za utumishi zinataka mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato, na ndiyo maana benki wamekuambia inawezekana. Lakini benki wanapima kama wewe utaweza kuwalipa wao. Kama utaweza pia kulisha nyumba kwa kinachobaki, hilo hawalipimi. Na wifi, ambaye hana mshahara, ataingiza nini, na mkipata hasara atabeba nini? Kama atasema ataingiza uzoefu na usimamizi, hiyo ni mali ya kweli, nami ningependa iandikwe kwenye karatasi pamoja na sehemu ya kila mmoja na siku ya kufunga hesabu. Ikiwa mambo hayo yote yanajibiwa vizuri, mtumbwi unaweza kuwa njia. Wapo wanawake wenye vyombo kwenye mialo yetu na wameinua familia zao. Wengi wao, hata hivyo, wanashinda mwaloni, nawe unashinda darasani.

Neno moja la tahadhari kabla sijaendelea. Ikitokea benki wakachelewa, usikubali kuziba pengo kwa ile mikopo ya mtaani inayoitwa kausha damu. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mkopeshaji anatakiwa awe na leseni. Asiyekuonyesha leseni, asiyekupa mkataba wa kusoma, anayetaka kubaki na kadi yako ya benki na namba yake ya siri, mwepuke.

Kuna njia iliyo kati ya mtumbwi na kuacha, na sijui kama umeitazama. Umesema wachache ndio mnaowaweka juu ya chanja na wengi mchangani. Dagaa wa mchangani hubeba mchanga mpaka kwenye sahani, na mvua ikija hakuna namna ya kuwaokoa haraka. Dagaa wa chanjani hupitisha hewa chini na juu, huwa safi, wanunuzi huwataka zaidi, na chanja unaweza kulifunika turubai wingu linapotokea upande wa ziwa. Chanja za miti na nyavu kuukuu hazihitaji milioni tisa. Pia zipo njia za kumuongezea dagaa thamani, kama kumkaanga na kumfungasha, na kwa hayo unaweza kwenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, hapahapa mjini au kuuliza chuo cha uvuvi cha FETA pale Nyegezi, ambako watu wanafundishwa kazi za samaki. Hasara ya njia hii ni kwamba ni ya polepole, na dagaa waliofungashwa wanahitaji viwango, vifungashio na soko lako mwenyewe, jambo ambalo nalo linakula muda.

Kuhusu muda, nimeangalia kalenda yako ya shule pamoja na ya mvua. Likizo ya Juni inaangukia kiangazi, wakati jua letu ni la kuaminika kuliko miezi mingine. Likizo ya Desemba inaangukia vuli. Kuna waanikaji wanaonunua kwa wingi msimu wa jua na kupunguza sana msimu wa mvua, badala ya kwenda kwa kiwango kilekile mwaka mzima. Wewe unayo bahati ambayo wifi hana, kwamba mshahara unakushikilia miezi ambayo ziwa na mbingu havielewani. Kupunguza miezi ya mvua maana yake fedha pungufu Novemba, wakati ada za Januari zinakaribia, na hilo lingehitaji akiba ya kiangazi isiyoguswa. Sikufichi kwamba ni nidhamu ngumu.

Kuacha kabisa nako kusidharauliwe. Mkopo wa matofali umekwisha, mshahara wako umerudi mzima, na huenda usingizi ukirudi nao utagundua kuwa pengo la kila mwezi ni dogo kuliko ulivyodhani. Lakini nikikusoma vizuri, unapoandika kuhusu dagaa anayevunjika kwenye kidole, unaandika kama mtu anayeipenda kazi hiyo. Kuiacha kwa woga au kwa aibu kunaweza kukuachia uchungu. Kanuni za utumishi hazimkatazi mwalimu kuwa na shughuli halali nje ya saa za kazi, mradi isiingilie kazi yake. Jumamosi ni yako. Jumatano alfajiri ni ya wale watoto, nadhani hilo unalijua kuliko mimi, na ndiyo sababu umeliandika.

Na hapo nifike kwa yule mtoto aliyekuchoma. Mwanangu, wewe ni mwalimu wa lugha na wa kila somo, rudi kwenye neno alilolitumia. Hakusema unanuka. Alisema unanukia, na akasema kama mama. Katika shule za ufukweni watoto wangapi mama zao ni waanikaji, wanaotoka nyumbani usiku na kurudi jua limezama, na harufu ile ndiyo inayowaambia watoto kwamba mama amefika? Darasa lilicheka, ndiyo, watoto hucheka. Lakini yeye aliyesema, je, una hakika alikuwa anakudhihaki? Huenda alikuwa amefurahi kumkuta mama yake kwenye meza ya mwalimu. Ukipata nafasi, muulize mama yake anafanya kazi gani.

Nimelibakiza la mume wako mwisho kwa kuwa ndilo lililonishika zaidi. Unayo haki ya kuwa na mali yako. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtambua mke kuwa na haki sawa na mume ya kupata na kumiliki mali kwa jina lake, na hakuna mtu anayepaswa kukufanya ujione mwizi kwa jasho lako mwenyewe. Tena hofu yako haikutoka hewani, imetoka kwenye miaka mitatu ya makato. Hata hivyo naomba uniruhusu niulize. Unasema fedha zitakwenda njia ya matofali. Zile za matofali zilikwenda kwa sababu mume wako ni mtu wa kutapanya, au kwa sababu alimwamini rafiki bila maandishi, akachukua mkopo mzima kwa mkupuo, na akaanza biashara kubwa kabla ya kuijua ndogo? Kama ni hili la pili, basi angalia mtumbwi kwa makini, maana unafanana na matofali kwa mengi: mkopo mmoja mkubwa, ndugu unayemwamini, hakuna karatasi. Tofauti ni kwamba mwaka 2021 wewe ulijua fedha inakwenda wapi. Safari hii yeye hatajua, na makato yatakuwa ya nyumba yenu wote.

Nafikiri pia juu ya wifi. Ndani ya familia, siri hii mnaishika watatu: wewe, yeye, na mama yako Magu aliyehifadhi mabati. Mume wako ndiye pekee asiyejua, na dada yake wa damu anamficha. Siku akijua, na kwa daraja lile ameshakuwa karibu na nyumbani kuliko zamani, atakachokihesabu kwanza hakitakuwa shilingi. Kwa upande mwingine, kumwambia kuna hatari zake nami sizipuuzi. Anaweza kuona aibu kwamba mkewe amebeba ada peke yake, na aibu ya mwanaume wakati mwingine hutoka kama hasira. Anaweza kupunguza anachotuma kutoka Geita akijua unacho. Anaweza kuja na wazo jingine la biashara. Wewe unamjua, mimi simjui. Kama kuna historia ya kupigwa au vitisho ambayo hukuiandika, basi yote niliyosema hapa subiri kwanza, uniandikie hilo peke yake.

Kama haipo, zipo namna za kusema zisizoanza na fedha. Unaweza kuanza na lile ambalo hamjawahi kulizungumza, matofali, na ukamwambia jinsi miaka ile mitatu ilivyokuwa kwako, bila kumlaumu, ukamsikiliza naye ilivyokuwa kwake. Huenda yeye naye amelibeba peke yake muda wote huu. Unaweza kumpeleka Igombe Jumamosi moja aone kazi, kabla ya kumwambia hesabu. Unaweza kumwambia unaanika na kwamba umeweka kiasi fulani kuwa cha ada na hakiguswi na yeyote, wewe pia ukiwemo. Au unaweza kumwomba msaada ambao ni yeye tu anayeuweza, kwa kuwa nimewaza tangu mwanzo kwamba mwanaume mwenye kazi ya kujenga ana mke anayehitaji chanja imara zenye kofia ya kuzuia mvua, na mabati 40 yanayolala Magu.

Usimjibu muuzaji wa mtumbwi wiki hii. Lala kwanza, Jumatano ijayo hasa. Kisha chukua daftari moja, andika raundi tatu zijazo na kila shilingi inayotoka na kuingia, pamoja na bei utakayoisikia kwa masikio yako pale kwenye mizani, na baada ya hapo niandikie tena. Nami nitapenda kujua yule mtoto alikujibu nini.